Mama Mwiko na Sakafu Iliyokuwa Ikijibu

Saa saba na nusu mchana, na shule nzima imenyamaza. Watoto zaidi ya mia nne wamekaa madarasani mwao, mikono juu ya madawati, hakuna anayekohoa. Mwalimu wa darasa la nne amesimama mlangoni na kipande cha chaki ambacho hajakiandikia.

Ndani ya darasa lake, mwanamke wa miaka hamsini na miwili amelala kifudifudi kati ya madawati, sikio la kushoto limegandamana na saruji. Mkononi ana nyundo ndogo. Anagonga mara moja, anasubiri. Anasogea shubiri moja, anagonga tena.

Nje jua linawaka, lakini anayechungulia dirishani anahisi baridi ya mgongo. Ukimya wa watoto wengi kiasi hicho, mchana kweupe, si kitu ambacho masikio yamezoea.

Baada ya dakika ishirini anainuka, anajipangusa vumbi magotini na kumwitikia mwalimu kwa kichwa. Kelele zinarudi zote kwa mpigo, kama mvua ya ghafla juu ya bati.

“Leo iko kimya,” anasema, na kuirudisha nyundo mfukoni.

Mtaani wanamwita Mama Mwiko. Ni fundi mwashi, kazi aliyoipata kwa mjomba wake miaka ishirini na saba iliyopita, akimbebea zege huku mjomba mwenyewe akimwambia kila siku kwamba ile si kazi ya mwanamke. Jina lake lina utani ndani yake. Mwiko ni chombo cha kupakia plasta, na mwiko ni jambo lisilofanywa. Wanaume wa kwenye majengo walimpa jina hilo wakimaanisha la pili. Yeye alilipokea kwa maana ya kwanza, na limebaki.

Ijumaa haendi kibaruani. Ni siku moja ya ujira kati ya sita, na mumewe, ambaye ni mpishi wa hospitali, anasema ameshazoea kwamba Ijumaa mboga ya nyumbani huwa nyepesi kidogo.

“Kuna ile methali ya ufa na ukuta,” Mama Mwiko anasema akicheka. “Siipingi. Lakini kila mtu angeisikiliza, mimi ningekula nini?”

Kicheko hakidumu. Anageuka kuitazama sakafu, upande wa dirishani, palipo na kiraka kikubwa cha saruji ya rangi nyingine.

Mambo yalianza mwaka jana, muhula wa pili. Darasa la nne ni chumba cha mwisho kwenye safu, na wakati huo lilikuwa na wanafunzi sitini na mmoja. Kila asubuhi walisoma hesabu za kuzidisha kwa sauti, wote kwa pamoja. Mwalimu wao, kijana aliyekuwa na mwaka wa pili kazini, aligundua kwamba watoto wakinyamaza, sauti hainyamazi pamoja nao. Watoto walisema saba mara nane, hamsini na sita, wakafunga midomo. Na huko chini, taratibu, kwa uzito, kitu kikasema neno la urefu uleule.

Kwanza alidhani ni darasa la jirani. Akaenda kuchungulia, akakuta darasa la jirani lote liko uwanjani. Akarudi, akafunga mlango, na kwa siku tisa hakumwambia mtu.

“Ningemwambia nini mwalimu mkuu?” anauliza. “Kwamba sakafu inajua hesabu?”

Watoto, wao, hawakuweza kukaa na siri hiyo. Walikipa jina kile kitu cha chini, wakakiita Mwenzetu. Walisema Mwenzetu leo amechelewa, Mwenzetu leo amekosea. Chaki ikianguka popote darasani ilibingirika hadi mstari wa tatu na kusimama pale pale, na mtoto aliyetumwa kuiokota aliichukua haraka kama anayetoa kitu motoni.

Nyumbani wakasimulia. Mzazi mmoja akamhamisha mwanawe, kisha watatu, kisha mafungu. Kwa wiki tano darasa lilishuka kutoka wanafunzi sitini na mmoja hadi kumi na saba, na madarasa mengine nayo yakaanza kupungua. Watu wakawa wanazungumza waziwazi kwamba shule itafungwa.

Kamati ya shule iliitisha kikao. Wengine walitaka maombi, wengine walitaka mtaalamu wa mambo yasiyoonekana, na mmoja alisema afadhali chumba kipigwe kufuli kisahaulike. Mama Mwiko alikuwa amekaa nyuma, vumbi la kazini bado liko kichwani. Kitindamimba wake alikuwa mmoja wa wale kumi na saba. Anakiri kwamba kabla ya siku hiyo alikuwa mzazi wa kutoa mchango mlangoni na kuondoka zake.

Alisimama akasema yeye mashetani hayajui, lakini sakafu anazijua. Akaomba robo saa na nyundo.

Karibu na mlango, anasimulia, saruji ilijibu kwa ufupi, kama mtu aliyeshiba akigongwa mgongoni. Katikati ya chumba ikaanza kuvuta mlio. Alipofika mstari wa tatu aligonga, na mlio ukashuka.

“Sikusema ulififia. Ulishuka. Nilikuwa nimeshainua nyundo juu ndipo ukarudi,” anasema. “Nywele zilinisimama. Nikaondoka pale kwa kutambaa, sikuthubutu kusimama.”

Alimwambia mwalimu mkuu kwamba chini pana uvungu mkubwa na mtoto yeyote asiingie tena. Mwalimu mkuu alibanwa. Jengo ni la serikali, limekaguliwa na kupita, na hakuna ruhusa ya kuvunja sakafu wala kufunga darasa bila barua. Alikuwa ameshaandika, na jibu lilikuwa kwamba asubiri. Mama Mwiko hamsemi vibaya. Anasema alimtolea ile barua ya jibu, akamwachia aisome mwenyewe.

Kesho yake asubuhi alikwenda na ndoo yake ya kazini, akaifudikiza kizingitini mwa darasa la nne na kuikalia. Watoto walipofika aliwaambia darasa limehama.

Lilihamia wapi, hata yeye hakujua. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara aliona watoto kumi na saba wamesimama juani na mwalimu wao, akasogeza mashine zake ndani na kuwaachia baraza. Mchana jua lilipoifikia baraza, kinyozi akawapa chumba chake cha kunyolea. Walisoma wakiwa wamezungukwa na vioo, na mwalimu anasema humo alikuwa anawahesabu mara mbili kila anapoingia, maana mara ya kwanza hesabu ilikuwa haikubali.

Mama wengine walianza kuja kukaa na Mama Mwiko mlangoni, kwa zamu, kila mmoja na kigoda chake. Siku ya tano msimamizi wa jengo alilokuwa akifanyia kazi alimpa mtu mwingine nafasi yake. Alipokea habari hizo akiwa juu ya ndoo. Hakuondoka.

Siku ya kumi na mbili, ukihesabu za masomo tu, ilikuwa Alhamisi. Saa nne na dakika ishirini asubuhi alikuwa pale na muuza mboga mmoja, wakiongea habari za bei. Hapakuwa na mvua wala upepo. Chaki iliyokuwa juu ya meza ya mwalimu ilibingirika yenyewe ikaanguka. Kisha madawati ya mstari wa tatu yakainama mbele, moja baada ya jingine, kama wanafunzi wanaoshikwa na usingizi. Kisha hayakuwapo.

Anachokumbuka zaidi ni jinsi jambo lilivyofanyika bila kelele. Sakafu iliondoka kwa ustaarabu. Baadaye kidogo, kutoka mbali chini, ukaja mlio wa maji. Muuza mboga alikuwa amemshika mkono, na alama za kucha zake zilikaa wiki nzima.

“Madawati matano,” Mama Mwiko anasema. “Darasa likiwa limejaa, kila moja lilikaliwa na watoto watatu. Wangu alikuwa la pili kutoka dirishani.”

Kilikuwa kisima, kimejengwa kwa mawe, cha zamani kuliko shule. Aliyekuja na maelezo ni mzee mmoja mtengeneza saa, ambaye baba yake alikuwa kibarua wakati shule inajengwa. Baba huyo aliwahi kusema kwamba walikifunika kisima kwa magogo na mabati, wakashindilia udongo, wakamwaga zege juu. Magogo yakaoza kwa zaidi ya miaka hamsini. Mtengeneza saa anasema utotoni aliuliza mara nyingi kwa nini kisima chenye maji kifunikwe. Kila alipouliza, baba yake alinyanyuka na kutoka nje.

Barua ya ruhusa ilikuja wiki mbili baadaye, lakini mtaa haukuisubiri. Jumapili ya kwanza alikuja mchimba visima, akashusha mshumaa kwa kamba kupima hewa, ukawaka hadi chini. Akashuka mwenyewe kuangalia kuta na kufunga madawati yavutwe. Hakukaa. Alipanda, akasema kuta ni nzima, akasema hakuna mtu, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kisha akasema amekumbuka kazi nyingine mahali, akaondoka bila hata kuidai kamba yake.

Mama Mwiko akajifunga ile kamba kiunoni. Anaeleza kwamba madawati ni ya serikali, na kwamba asingeweza kuziba shimo ambalo hajaliona.

Kina chake ni kama watu saba wamesimamiana. Maji yalimfika mbavuni. Mawe yalikuwa yamepangwa vizuri mno, na kwa muda, anasema, aliogopa kidogo na kumhusudu aliyeyapanga. Alipitisha kiganja ukutani kama anavyofanya kwenye kazi ya fundi mwenzake. Ndipo akasikia.

“Watoto wanasoma kuzidisha,” anasema, sauti imepungua. “Wengi. Hawana haraka. Walikuwa kwenye saba.”

Ilikuwa Jumapili. Shule ilikuwa tupu. Juu walikuwapo watu wazima watano, na wote wameniapia kwamba hakuna aliyefungua mdomo, isipokuwa kinyozi aliyekuwa akisali kimoyomoyo. Mama Mwiko mwenyewe halazimishi mtu aamini. Labda mawe yanatunza sauti, anasema, au labda ilikuwa damu yake mwenyewe masikioni. Alifunga madawati matatu, yakavutwa, akatikisa kamba. Mawili yamebaki huko huko.

Kwa wiki kadhaa alimwambia mumewe tu. Mumewe hakucheka. Alimpashia chai upya na kukaa naye.

Kuziba kulichukua siku kumi na tisa. Watu walijipanga kutoka barabarani hadi darasani, jiwe likitoka mkono hadi mkono. Walikuja hata wale waliowahamisha watoto, siku za kwanza bila kusalimia, wakaingia kwenye mstari na kupokea jiwe. Mama Mwiko alisimama mdomoni mwa shimo akielekeza: mawe makubwa kwanza, kokoto, udongo wa kushindilia, kisha nondo na zege. Saruji ilitoka majumbani, kila nyumba kindoo. Wengine walileta nusu, na anasema zile nusu ndizo zilizojaza.

Siku hizi wazazi kumi na sita wana nyundo ndogo kama yake, na kila mmoja ana chumba chake cha kusikiliza. Hawajapata uvungu mwingine. Ofisi ya elimu ilileta barua ya shukrani, na mwalimu mkuu ameitundika juu ya meza yake.

Kati ya watoto arobaini na wanne walioondoka darasa la nne, arobaini na watatu wamerudi.

Aliyebaki ni msichana wa miaka kumi na mmoja, binti wa mshona viatu. Inasemekana ndiye aliyesikia kabla ya wote, hata kabla ya mwalimu. Nyumbani kwao ni mitaa miwili kutoka shuleni, na bado anasikia. Mama yake alimnong'oneza Mama Mwiko hayo bombani, wakisubiri ndoo zijae. Daktari amempima masikio, hayana tatizo. Mtoto anashinda ndani akiosha vyombo, na akiwa anaosha, midomo yake inacheza.

Kesho ni Jumamosi, hakuna masomo. Mama Mwiko ameshakubaliana na mama wa mtoto kwamba atawapitia saa tatu asubuhi. Watakwenda watatu, wakae darasani mlango ukiwa wazi, kwa muda ambao mtoto mwenyewe atautaka. Mpango wake ni arudi shule kabla muhula haujaisha, hata ikibidi wakae hivyo kila Jumamosi. Anasema nyundo ataiacha nyumbani.

“Watu wazima wote wamemwambia hakuna kitu. Mimi siwezi kumwambia hivyo,” anasema. “Nitamwambia nilishuka, na nilipowasikia walikuwa kwenye saba. Kisha nitamuuliza yeye, sasa wamefika wapi.”