Kaswida ya Kipeo cha Pili

Anayetaka kujua vijana wa sekondari wanafundishwa nini kwenye Hisabati asihangaike kwenda wizarani, aje kwangu. Mie nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza mchana, nikiwa na sare, nikapata F iliyonona. Mara ya pili jioni, darasa la watu wazima huku Temeke, nikiwa na ndevu na mke. Chuo cha umeme kilishaniambia: lete D ya Hisabati, nafasi yako ipo, ukishindwa safari hii, anapewa mwingine. Kwa hiyo sikuwa nasoma kwa mapenzi.

Na mapenzi yangetoka wapi? Hisabati ya sekondari ni habari za watu wasio timamu. Kuna baba mwenye umri mara tatu ya mwanawe, na hajui mtoto ana miaka mingapi mpaka sie tumtafutie. Si amuulize mama mtu? Kuna jamaa kapanda mnarani kupima pembe ya gari lililoegeshwa chini, badala ya kushuka akaondoka nalo. Halafu kuna mwenye tangi.

Siku ya tangi, mama mmoja muuza chapati, mwanafunzi mwenzetu wa dawati la mbele, uvumilivu ulimwishia.

"Mwalimu, bomba la juu linajaza, la chini linamwaga?"

"Ndiyo, mama."

"Na mwenyewe anaona?"

"Anaona."

"Sie tunaamka alfajiri kuvizia maji, yeye anayamwaga halafu anatuuliza tangi litajaa saa ngapi? Mwambie afunge koki, mwanangu!"

Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu, kijana mdogo kuliko sie wote, akajifuta jasho. "Mama, kwenye mtihani koki haifungwi."

Nikatazama vichwa vyetu nikamwelewa. Yeye anamimina juu, chini yanatoka yote.

Alipoona tunavuja namna ile, akaacha kueleza. Akaichukua fomula ya milinganyo ya kipeo cha pili, ile ndefu kama treni ya mizigo, akaitia mahadhi ya kaswida. Hasi b, jumlisha, toa, kipeuo cha b mraba, toa nne a c, yote gawanya kwa mbili a! Kwenye jumlisha tunayumba kulia, kwenye toa tunayumba kushoto, kama watoto wa madrasa kwenye maulidi. Tuliimba hadi misumari ya bati ikalegea. Jirani mmoja alikuja na sahani, akidhani kuna pilau.

"Mwalimu," niliuliza siku moja, "hii fomula inatafuta nini?"

"Inatafuta D, braza."

Siku ya mtihani, swali la fomula likaja kweli. Ghafla safu nzima ya watu wazima ikaanza kuyumba, kulia, kushoto, midomo ikichezacheza. Msimamizi, mama wa miwani, akaruka kitini.

"Nyie! Mnapeana ishara? Atakayetikisika tena, namfutia mtihani!"

Tukakauka kama nguzo. Na mwili ulipokauka, fomula ikakauka nayo. Nilibaki na "hasi b" peke yake. Niliiona nafasi yangu ya chuo inachukuliwa na mtu mwingine, tena mwenye miguu mikubwa.

Nikaomba kwenda chooni. Askari wa zamu akanisindikiza, akasimama nje ya mlango. Humo ndani nikayumba na kuimba polepole, ikaja yote. Mlango ukagongwa nusura ung'oke.

"Unaongea na nani kwenye simu? Toka!"

"Shikamoo, afande. Niko peke yangu, naimba Hisabati."

Akanipekua hadi soksi, hakuona kitu. "Imba nisikie. Ukinidanganya, tunakwenda kwa msimamizi."

Nikaimba. Nilipofika "kipeuo cha b mraba" nikamwona naye anayumba. "Yote gawanya kwa mbili a!" tukamaliza pamoja, watu wazima wawili mlangoni mwa choo.

"Na sie tuliimbishwa hivyohivyo," akasema. "Inafanyaga kazi gani?"

"Sijui, afande. Wewe?"

"Mie ilinipa hii." Akajishika kola ya sare. "Rudi ukaandike kabla haijapotea. Na usitikisike."

Niliandika. D ilikuja, nyembamba kama uzi, lakini D. Chuo kikanipokea, nikamaliza, na sasa nimefunga umeme nyumba nyingi kuanzia Mbagala mpaka Kibamba. Hakuna waya hata mmoja uliowahi kuniuliza b mraba. Ila nikiingia chooni tu, nayumba. Mke wangu ameshazoea, hagongi tena.