Mjukuu Wangu Alipopewa Jina la Mbuzi

Nina mtani wangu, mwanamke wa Likawage, ambaye kwa miaka thelathini hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita mtumwa wangu. Anasimama njiani na kikapu chake cha mihogo, anapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mtumwa wangu yupo? Nimekuja kuangalia kama amenenepa, nikamuuze!" Nami namjibu kutoka jikoni kwamba babu yake alilia mlangoni kwa babu yangu akiomba hata kazi ya kufukuza kunguru. Mimi Mmwera, yeye Mngindo, ndivyo tulivyo. Anaweza kuingia kwangu akaondoka na sufuria ya wali ingali motoni, na mimi nikikasirika nimejiaibisha mwenyewe.

Sasa huyo mjukuu wangu. Amemaliza kidato cha nne na hakuna karatasi inayomshinda kusoma. Najisifu, ndiyo, maana nimemlea mimi. Mwaka juzi alikuja hapa kwetu, karibu na Kiswere, mama mmoja mwenye mkoba mwekundu, anatafuta wasichana wa kwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni.

"Huko si kazi, bi mkubwa," akaniambia. "Huko ni familia. Atakuwa kama binti yao."

Nikamwuliza kama hao binti zao na wao wanapiga deki. Akacheka, akanipa kanga. Kanga niliipokea, mimi si mjinga.

Mjukuu wangu alikuwa ameshakubali, na baba yake naye kakubali. Pasipoti ilishatoka, ikawa inakaa ndani ya ule mkoba mwekundu, eti kwa usalama. Kilichobaki ni radhi yangu tu. Bila radhi ya bibi yake mtoto yule haendi hata Mitole, sembuse kupanda ndege.

Jumatatu nikamkalisha kwenye jamvi anisomee karatasi ya kazi. Miaka miwili. Pasipoti inakaa kwa mwenye nyumba. Simu inakaa kwa mwenye nyumba. Hatoki nje bila ruhusa. Na mama wa mkoba alikuwa ameongeza kwa mdomo kwamba huko watampa jina jepesi, maana haya yetu yanawachosha ulimi.

Hilo la jina lilinichoma. Bibi wa bibi yangu aliletwa Kilwa Kivinje kwa miguu kutoka bara, akiwa mtoto, akanunuliwa na akapewa jina jipya. Ndilo tunalomtajia kwenye dua mpaka leo. Lile alilopewa na mama yake hakuna anayelijua. Tunamwombea marehemu wetu kwa jina alilobandikwa na mtu aliyemnunua.

"Bibi, hayo ya zamani," mjukuu wangu akasema. "Utumwa uliisha, tumesoma shuleni."

"Uliisha saa ngapi?" nikamwuliza.

Mtani wangu alikuwa barazani anatafuna korosho zangu bila kuomba. "Mpe radhi, mtumwa wangu," akasema. "Lakini kwanza anitumikie mimi kwa karatasi hiyohiyo mpaka Ijumaa, huyo mama wa mkoba atakaporudi. Akimaliza, aende. Akishindwa, abaki."

Mjukuu akacheka, akakubali, akatoa simu yake. Mtani akaifunga kwenye pindo la kanga, akasema anahamia kwangu mpaka Ijumaa, kisha akampa jina la mbuzi wake aliyekufa kwa kula mfuko wa plastiki.

Nilidhani ikifika Jumanne adhuhuri mtoto atarusha ufagio. Wapi! Ukaidi ameutoa kwangu. Aliteka maji, mtani akayamwaga, akasema hayana ladha. Akateka tena. Alimwosha mtani miguu ambayo, wallahi, haikuwa imeoshwa hivyo tangu harusi yake. Mtani akila, yeye anasimama. Mtani akishiba, yeye anakwangua ukoko. Alipoomba simu ampongeze rafiki yake aliyejifungua, mtani akashangaa: "Simu ya nini tena? Unataka kuongea na nani, wakati sisi ni familia?" Nikauma kanga ili nisicheke.

Jumatano mtoto akaacha kucheka. Alhamisi mimi nikawa naomba kimoyomoyo ashindwe. Hakushindwa.

Ijumaa baada ya sala, mama wa mkoba akafika na gari. Nikaenda uani kumwita mjukuu wangu. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Nikamwita kwa jina lake. Akaendelea kusugua. Nikamwita tena. Akainua kichwa, lakini hakunitazama mimi. Alimtazama kwanza mtani, aliyekaa pembeni, aone kama anaruhusiwa kuitika.

Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. "Basi! Nimeshindwa mimi!"

"Wewe ushindwe kwa lipi?" mtani akafoka. "Tuliyepatana naye ni mbuzi!"

Lakini ahadi ni ahadi. Nikamwambia mjukuu wangu ameshinda, radhi anayo, aende salama. Akafuta majivu mikononi, akatoka mbele.

"Shikamoo, mama. Nina swali moja. Nikitaka kurudi, pasipoti naichukua kwa nani?"

"Utake kurudi kwa nini, mwanangu? Utakuwa kama uko kwenu."

Mtani akapiga kigelegele. "Jamani, hata mimi nilimwambia hivyohivyo!"

"Basi naomba niishike sasa hivi," mjukuu akasema.

"Haiwezekani. Inakaa kwangu."

"Na mwenyewe anakaa kwangu," mtani akadakia. "Huyu mtumwa wangu. Ukimtaka, mkomboe kwa kuku kama desturi."

Mtu yeyote wa huku angecheka na kuuliza kuku wa rangi gani. Mama yule akapandwa na hasira. "Sina muda wa kucheza na washenzi!" Wakati huo wanaume wanarudi kutoka msikitini, na kofia zao kichwani, wakasimama wote. Kutukana uwanjani kwa watu, mbele ya mtani, Ijumaa! Mjukuu wangu bado amenyoosha mkono. Mama wa mkoba akatazama zile kofia, akafungua mkoba, akatupa pasipoti kwenye jamvi na kupanda gari. Ile kanga hakuidai, nami sikumkumbusha.

Mtani hakumwachia mtoto mpaka nimkomboe mimi. Nikampa jogoo mwenye jicho moja. Akamgeuza kichwa mara mbili, akasema mtumwa wake amekuwa bahili uzeeni, ndipo akafungua pindo la kanga na kurudisha simu. Siku hiyo mjukuu wangu alikula wa kwanza, na sisi tukamsubiri ashibe.

Anasema huenda siku moja atasafiri, ila pasipoti ataishika mwenyewe mpaka mwisho wa safari. Ameificha. Nimeitafuta chini ya godoro, ndani ya debe la unga, hata darini nimepanda na magoti yangu haya. Sijaiona, na nimeridhika.