Nilivyopima Sukari ya Mama Kabira

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh nilikula mara tano, na hakuna hata mara moja niliyokaa kitini. Hata leo nacheka nikikumbuka. Nimefika na baibui langu jipya na mfuko wa nguo tatu, Madam akanifungulia mlango, akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Wewe mwembamba. Kazi utaiweza?" Alisema kwa Kiarabu, mimi Kiarabu changu kilikuwa cha sala tu, lakini yale macho niliyaelewa. Nikamjibu kwa Kiswahili changu cha Kisauni, "Madam, mimi nimebeba madumu ya maji ya kuuza miaka kumi, hiyo nyumba yako ni mchezo." Naye hakuelewa hata neno. Tukawa sawa.

Jina langu Mwanasha. Likamshinda, akaniita Aisha, na Aisha nikabaki miaka yote niliyokaa Saudia. Shule niliacha darasa la tatu, lakini namba nazijua, na kama ningekuwa sizijui ningekuwa na amani zaidi, mtaona.

Nyumba ilikuwa nyuma ya Olaya, kule kwenye maofisi marefu. Kafili wangu, yaani yule mwenye karatasi zangu kwa jina lake, alikuwa mume wa Madam, lakini yeye nilimwona kama mwezi wa Ramadhani, anachunguliwa kwa mbali. Bosi wangu alikuwa Madam. Alikuwa mwalimu, mtu wa daftari na kalamu, kila kitu lazima kiandikwe.

Sasa niwaeleze kazi, maana wasichana wanaoenda siku hizi wanafikiri kazi ya nyumba ni kufagia. Kule chakula kinawekwa kwenye sinia moja kubwa, wali umepanda kama kichuguu, juu yake mbuzi au kuku. Watu wanakula, wanashiba, wanainuka. Kinachobaki ni nusu ya sinia. Na Madam alikuwa hataki kuona chembe ya wali kwenye jaa. Kutupa neema ya Mungu haramu, na hapo simlaumu. Basi kile kilichobaki kilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda.

"Aisha, kula. Yalla, imalize, halas."

Nami namaliza, nimesimama pale kwenye sinki, mkono mmoja unakula, mwingine unasugua sufuria. Mchana hivyo, jioni hivyo, na jioni yao inaliwa saa ambayo kwetu watu washalala. Keki ya mgeni ikibaki, Aisha. Juisi ya watoto ikibaki kwenye glasi, Aisha. Katikati ni chai, sukari vijiko vinne, ndiyo iliyonishikilia miguu. Nje nilikuwa sitoki isipokuwa kupeleka taka. Jua nililiona dirishani.

Na nilikuwa na furaha, nisiwadanganye. Mtu aliyezoea kugawa sima moja kwa watoto watatu, akiona nyama inamsubiri, atasema nini? Nikatuma picha nyumbani. Binti yangu akaniandikia, "Mama, umenawiri mpaka shavu linang'aa." Nikajitazama kwenye kioo cha lifti, nikaona kweli. Baibui langu jipya halikunipita tena begani.

Miaka miwili ikaisha. Madam akaniita sebuleni, akanikalisha, nikajua kuna jambo. "Mama yangu yuko Jeddah peke yake. Ana sukari. Msaidizi wake amerudi kwao. Nataka mtu ninayemwamini."

Nikahamia Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, nyumba kubwa ya mtu mmoja. Sisi wafanyakazi mwanamke mzee wa nyumba tunamwita Mama Kabira, mama mkubwa. Huyu alikuwa mnene, mcheshi, mguu wa kushoto hauna kidole gumba. Kilikatwa kwa ajili ya sukari. Daktari wake, mtu mpole mwenye sauti ya chini, aliniambia mbele ya Madam: "Kidole kimekwenda. Sukari ikiendelea kupanda, mguu utafuata. Wewe ndiye mlinzi wa mguu huu."

Madam akanipa daftari. Kila asubuhi kabla ya chai nimchome Mama kidoleni, tone la damu niliweke kwenye kijikaratasi cha mashine, namba ikitoka niiandike, niipige picha, niitume Riyadh. Isipite mia na thelathini. Tende tatu kwa siku. Mkate wa ngano nzima. Kuku wa kuchemsha. Halua mafi, basbusa, ile keki yao ya shira, mafi, soda mafi. Mafi ni hakuna, neno hilo utalijua wiki ya kwanza.

"Wanangu wanane nimewazaa kwa tumbo hili," Mama Kabira akasema Madam alipoondoka, "sasa wananihesabia tende."

"Mama, mimi ni mtumwa wa daftari tu."

"Basi kuku wa kuchemsha aliwe na daftari. Mimi nataka chakula."

Miezi ya kwanza nilijitahidi. Tukatembea kibarazani, nikampikia mboga, nikaficha asali. Lakini vidole vyake vilikuwa vimejaa matundu, ukimshika anatetemeka kama mtoto. Asubuhi moja akaificha mikono kwapani. "Leo jipime wewe," akasema. "Wewe mzima. Binti yangu wa Riyadh atafurahi, mimi nitapumzika, nani ataumia?"

Nikasema leo tu. Nikajichoma, ikatoka tisini na nane. Nikapiga picha, nikatuma. Muda kidogo Madam akajibu kwa ujumbe wa sauti, "Mashallah, Aisha. Mashallah. Mungu akulipe." Mama Kabira akacheka mpaka akakohoa. "Unaona? Nimepona. Lete halua."

Nikaleta. Mimi nilitaka nirudi jikoni, akanishika nguo. "Unakwenda wapi? Kaa, ule na mimi. Mtu hali peke yake."

Jamani, niwaambie ukweli. Ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike Saudia kula nimekaa, na mtu mwenzangu, tunaongea. Alinihadithia mumewe, jinsi alivyokuwa anakoroma. Nikamhadithia wangu, jinsi alivyokwenda dukani kununua chumvi akaoa. Tulicheka, tukala kile kisahani chote.

Leo tu ikawa kesho, na kesho ikawa kazi. Kila asubuhi kidole changu, daftari lake. Kisha chai ya maziwa, mimi na yeye, tende bila kuhesabu, basbusa ya duka la kona. Alikuwa ananiita binti yangu.

Tulipokwenda kliniki, daktari akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye zile namba zangu, akatabasamu. "Vizuri sana. Ile sindano yake ya sukari tuipunguze kidogo, sukari isije ikashuka mno."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua. Mama Kabira akanibana mkono, akasema, "Aisha ananitunza." Nikafunga. Nikajiambia nikisema ya leo itabidi niseme na ya jana, na ya mwezi uliopita, nitarudishwa Mombasa na aibu. Sikuufikiria mguu. Nilifikiria aibu.

Ulipita mwaka na kitu. Halafu kidole changu kikaanza kuleta maneno. Mia na kumi na tano. Mia na thelathini na mbili. Wiki nyingine mia na hamsini. Nikabadilisha kidole, nikanawa kwa sabuni, nikatia betri mpya. Mia na sabini na moja. Nikatuma, ningefanya nini, na picha inangojwa?

Madam akapiga. "Aisha, mia na sabini? Unampa nini mama yangu?"

"Madam, wallahi chakula ni kile kile." Na hapo, kwa ubaya wake, sikusema uongo.

"Punguza mkate. Tende moja tu. Nitapiga kila siku."

Nikakata simu. Mama Kabira alikuwa ananitazama, bila kucheka. "Aisha," akasema, "hiyo si sukari yangu. Hiyo ni yako."

Mimi nilikuwa nakunywa maji chupa kwa chupa, nasema ni joto la Jeddah. Naenda chooni kila saa, nasema ni maji. Nguo zilikuwa zimeanza kulegea, nasema Mungu amenipunguzia unene. Kumbe mwili ulikuwa unapiga kelele, mimi naupa majibu.

"Mama, lete kidole chako," nikamwambia. Hakubisha. Nikamchoma. Mashine haikutoa namba, ilitoa herufi mbili tu. "Imechoka," akasema. Nikachoma tena, herufi zile zile. Baadaye daktari alinieleza, maana yake sukari imepita pale inapojua kuhesabu.

Ndipo nikainama nikamvua soksi. Ilikuwa imelowa. Chini ya mguu wa kushoto pana kidonda kinachoingia kidole, cheusi pembeni, na harufu. Nikamuuliza, "Mama, huumwi?" Akauinamia, akaushangaa kama mguu wa jirani. "Sisikii kitu," akasema. Sukari ilikuwa imeshaua kusikia.

Hospitali tulikwenda saa ile ile. Madam akaja na ndege ya kwanza. Daktari alishika daftari mkono mmoja, karatasi ya maabara mkono wa pili. Kuna kipimo, wajukuu zangu, ambacho hakiulizi umekula nini leo, kinaangalia damu imekaaje miezi mitatu nyuma. Hakina daftari. "Hivi viwili," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "si vya mtu mmoja." Akanitazama.

Mama Kabira akadakia kutoka kitandani. "Ni mimi. Aisha akinipima asubuhi mimi nimeshajilaza njaa. Akienda jikoni nakula halua, naficha chini ya godoro. Aisha hajui kitu."

Daktari akalifunga daftari. Sijui aliamini au alichoka. Madam alinikumbatia pale kwenye korido, akalia begani kwangu. "Wewe ulipima kila siku," akasema. "Kila siku ulipima, na yeye akatudanganya sisi wote."

Mguu ulikatwa chini ya goti, asubuhi iliyofuata.

Nilimhudumia mwaka mwingine na miezi. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimchoma kidole chake mwenyewe kila siku, na alikubali. Chakula kilikuwa cha daftari kweli, naye alikula kimya, hakutania tena kuku wa kuchemsha. Siku moja nilimwambia, "Mama, nisamehe." Akasema, "Nilikuomba mimi." Halafu akaongeza, "Lakini ungekataa." Hakulirudia neno hilo. Mimi nalirudia mwenyewe kila nikichota mboga.

Akafa usingizini. Madam akanilipia tiketi, akaniandikia barua nzuri, mhuri juu, kwamba mimi ni mwaminifu. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ilikuwa inaisha, na kwenye kipimo cha afya macho yangu yalishaanza ukungu, wasingeiandika upya. Halas, basi. Nikarudi.

Sasa niko Kisauni, kazi yangu ni kukaa na kuongea, na kuongea naweza. Wasichana wanaosubiri viza wananijia kuuliza kule kukoje. Nawaambia, mwanangu, pakua sahani yako kabla sinia halijaenda sebuleni, kaa chini uile. Kinachobaki tia kwenye friji, ukiambiwa umalize sema tumbo linauma. Chai kijiko kimoja. Kama kuna ngazi ya darini, ipande na ushuke hata kama huna nguo za kuanika. Na wewe mwenyewe ukapimwe. Wanacheka, wanasema, "Nyanya, sisi tunaenda kutafuta kazi, wewe unatuambia ngazi." Nacheka nao. Na mimi nilikuwa nacheka hivyo.

Kliniki ya hapa muuguzi ni mtoto mdogo, mkali. Aliniandikia chakula: mboga, sima ya mahindi yasiyokobolewa, kuku wa kuchemsha. Nikamwambia, "Huyo kuku mimi nimempika miaka, nakujulisha, hana ladha." Akacheka, akageuza karatasi. Jicho la kulia sasa linaona upande tu, miguu inawaka usiku kama nimekanyaga pilipili. Akaniuliza, "Nyanya, sukari ilianza lini? Tukijua lini, tutajua imeharibu kiasi gani."

Nikamwambia sijui. Wengi hawajui, akasema, akaandika alama ya kuuliza.

Lakini yangu ipo. Ipo yote, asubuhi kwa asubuhi, tangu tisini na nane, na picha juu. Iko kwenye simu ya mwalimu mmoja Riyadh, kwa jina la mama yake, na ninajua hajaifuta. Ni kupiga tu, nimwombe anisomee.