Nilivyokuwa Nabii wa Farasi

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nimesimama kando ya uzio wa uwanja wa mbio za farasi hapa Doha, macho nimeyafumba, na Wakenya kama ishirini wamenyamaza wananisubiri niyafumbue. Walikuwemo wauguzi, walinzi, madereva, hata mama mmoja mwalimu wa watoto kanisani. Kila mtu ana kadi mkononi na kalamu. Nikafumbua nikasema, "Namba sita," na kalamu zote zikaandika sita. Nilijiona mtu kati ya watu.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulinijia na kadi yako ukaniomba nikudokezee farasi wa wiki hii, ati umesikia enzi zangu nilikuwa sikosei. Nikakukatalia kwa ukali, ukaondoka umenuna. Sikupaswa kukukaripia, maana hukunikosea kitu. Mwenye makosa ni mimi, na ya kwangu ni ya zamani. Hapa Doha ukigonga hamsini unaitwa mzee kwa kuwa wenzako wote wamesharudi nyumbani, lakini mvi hazifuti aibu. Keti basi unisikilize.

Kwanza nikutoe wasiwasi, sikuwa mcheza kamari. Kamari hapa ni marufuku, unajua. Kuingia uwanjani ni bure, kadi ya kubashiri unapewa bure, unatia alama kwa farasi unayedhani atashinda kila mbio, na ukibahatika kupatia unapewa zawadi. Hakuna anayepoteza hata riyali moja. Ndiyo maana watu wa kanisa walikuja bila kuona haya, na ndiyo maana mimi nilichelewa kujua kwamba ninafanya dhambi.

Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, naishi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, chumba kimoja na wenzangu watano. Kazi yangu ilikuwa kuendesha lori la kupeleka majani makavu na shayiri kwenye mazizi ya farasi. Katika zizi mojawapo alikuwepo Mzee Gitau. Huyu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, na kazi hiyo aliianza kwetu Kenya, kule Ngong, kabla mama yangu hajanizaa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila nikishusha magunia alinimiminia chai, na tukiwa pale alinieleza habari za wanyama wake kama mtu anayesimulia habari za watoto wake. Kila asubuhi, kabla hata ya kumsalimu mtu, alipita akichungulia ndoo za chakula.

"Farasi hajui kuficha," aliniambia. "Aliyemaliza shayiri yake yuko tayari. Aliyebakiza, hata awe na jina kubwa namna gani, mwache."

Akanifundisha na mengine. Yule kijivu anapenda kutangulia, akizibwa na wenzake mbele anakata tamaa. Yule mwekundu ukimwona ametoka jasho shingoni kabla ya mbio, jua ameshajichosha kwa hofu. Masaisi wa mazizi ya jirani walikuwa rafiki zake, walikunywa chai pamoja, kwa hiyo habari za ndoo karibu zote zilimfikia. Na zikimfikia yeye, zilinifikia mimi.

Hizo ndizo nilizokwenda nazo uwanjani. Siku ya kwanza nilipatia mbio nne kati ya sita. Mwenzangu wa chumbani, Otieno, akaniuliza nimejuaje. Ningemjibu tu kwamba Mzee Gitau ameniambia, yangekwisha hapo hapo na leo ningekuwa mtu mwingine. Badala yake nikacheka nikasema, "Nimeonyeshwa." Ulikuwa mzaha, mwanangu. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wiki iliyofuata Otieno alikuja na watu sita, iliyofuata wakawa kumi, na mmoja wao akaniita Nabii. Nami nikaanza kufumba macho. Nilijua wazi kwamba ninachokiona huko gizani ni ndoo za Mzee Gitau, lakini nilifumba.

Unacheka. Cheka, hata mimi nilicheka, mpaka jambo lenyewe likatoka uwanjani likanifuata kanisani siku ya Ijumaa, maana sisi wa huku Jumapili yetu ni Ijumaa. Huyu anakuja kuniuliza aongeze mkataba au arudi nyumbani. Yule ana usaili wa kazi hospitalini, nimwambie atapita au hatapita. Nikawa najibu. Ningeweza kukudanganya kwamba watu walinilazimisha, lakini haikuwa hivyo. Nilipenda. Nyumbani Bungoma nilikuwa kitinda mimba, hakuna aliyewahi kuniuliza hata mvua itanyesha lini, na hapa watu wazima wenye vyeti vyao wanainamisha vichwa kunisikiliza.

Kulikuwa na dada mmoja, Moraa, mtu wa Nyamira, aliyekuwa akimtunza bibi mgonjwa katika nyumba moja kule The Pearl. Mtu mpole sana, tuliimba kwaya pamoja. Ile Alhamisi niliyoanza nayo kukusimulia, Moraa alimwomba madam wake ruhusa ya saa mbili tu akaja uwanjani. Farasi hakuwatazama. Alinijia mimi, katikati ya mbio ya nne na ya tano, akanivuta kando.

"Ndugu Wafula, samahani kukusumbua. Mama yangu hali yake si nzuri. Madam amesema naweza kwenda sasa kwa siku kumi, au nivumilie miezi miwili likizo yangu ifike nikakae naye mwezi mzima. Sina uwezo wa kwenda mara mbili. Niende au ningoje?"

Akanipa simu yake nisikilize sauti ya mama aliyoituma. Ujumbe ulikuwa wa dakika nne, kwa Kikisii, na mimi Kikisii sijui hata neno. Nikaweka simu sikioni, nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Huku nyuma farasi wa mbio ya tano walikuwa wameanza kutembezwa watazamwe, na watu wangu wananiita, "Nabii, wameshatoka!" Nikamrudishia simu kabla ujumbe haujafika hata nusu.

Nikafumba macho. Mungu ni shahidi yangu kwamba sikuomba. Nilihesabu moyoni mpaka tano, jinsi nilivyozoea kufanya ili watu waone nimezama. Kisha nikamwambia, "Ngoja. Mama utamkuta."

Moraa akashusha pumzi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru, akaondoka mbio kuwahi kazini. Mimi nikarudi kwenye uzio, nikafumba tena, nikataja namba sita. Farasi yule akashinda, watu wakaninyanyua juu. Ndiyo siku niliyokuwa mkubwa kuliko zote maishani mwangu, na ndiyo siku ninayoionea haya mpaka leo.

Siku ya kumi na tisa tangu Alhamisi ile, mama yake Moraa alifariki. Moraa akasafiri kwenda kuzika.

Habari ikanifikia. Kesho yake, nikishusha magunia, nilimweleza Mzee Gitau yote, ya kufumba macho na ya unabii, kwa maana alikuwa hajui lolote. Nikuambie ukweli, nilitarajia anifariji, aseme siku ya mtu ikifika imefika. Alikuwa akimsugua farasi. Akaiweka brashi chini.

"Wafula," akasema, "mimi nikikuambia farasi atashinda, nimechungulia ndoo yake. Ya mama wa watu uliichungulia?"

Akaiokota brashi, akaendelea kumsugua farasi.

"Na hata nikichungulia, nakosea. Umri wote huu farasi bado wananiaibisha. Ulikuwa na neno moja la kweli la kumpa yule binti, 'sijui', ukamnyima. Nenda ukawaambie watu kwa kinywa chako. Na jina langu ulitaje, wajue kwamba hayo maono yako yalikuwa yanatoka kwenye shayiri."

Alinikemea bila kupaza sauti, na afadhali angepaza. Ijumaa nikasimama mbele ya kanisa, nikasema sijawahi kuonyeshwa kitu, kwamba ya farasi nilikuwa naambiwa na mzee wa zizini na mengine nilikuwa nabuni. Nilitazamia wanizomee. Wachache walikasirika, Otieno hakunisemesha wiki nzima. Lakini wengi, mwanangu, walipiga makofi. Mama mmoja akanikumbatia akasema, "Nabii wa kweli hujishusha." Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Maji yakimwagika hayazoleki, na uongo niliokuwa nimeumwaga ulikuwa umeshanyonywa na ardhi. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuwazoeza watu kuniita dereva.

Moraa alirudi baada ya majuma matatu. Nilimngoja nje ya kanisa, pale mabasi yanapoegeshwa, nikamweleza kila kitu, hata ile ya kuhesabu mpaka tano. Hakulia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, jambo ambalo mimi sikumfanyia.

"Moyo wangu ulikuwa umeshaniambia niende," akasema. "Nilikuja kwako ili mtu aniambie, haya, nenda. Ungesikiliza ule ujumbe mpaka mwisho ungemsikia mama analia. Kilio hakitaki mkalimani."

Nikamwomba msamaha. Akaitengeneza kamba ya mkoba wake begani.

"Nimekusamehe, Wafula. Lakini usiniombee tena."

Akapanda basi. Zamani aliniita Ndugu. Siku ile alinitaja jina tupu, na alikuwa na haki. Tuliendelea kuimba kwaya moja miaka mingine mitatu mpaka mkataba wake ulipokwisha, akinisalimu vizuri kila Ijumaa, na kila aliponisalimu nilitazama chini. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu mimi ameshaota ndevu.

Sasa unajua kwa nini nilikufokea. Sikufokea kadi. Nenda uwanjani na rafiki zako, tazama farasi, ni viumbe wazuri, na ukitaka kujua nani atashinda tafuta masaisi ukawaulize kwa adabu, kisha ukija kusema, sema umeambiwa na nani. Elimu ya mtu ukiitumia mtaje mwenyewe. Ukiificha, kwanza unamwibia yeye, halafu unajiibia wewe, kwa sababu watu wataanza kukuheshimu kwa kitu usichokuwa nacho, na siku watakapokihitaji utatoa wapi?

Na lililo kubwa ni hili. Sisi tulio mbali na kwetu tuna kiu ya mtu wa kutuambia la kufanya. Wewe una sauti nzuri na sura ya kuaminika, nimeona wenzako wanavyokusikiliza kule Al Wukair unakoishi, na hicho ndicho kinachonitia hofu juu yako. Atakujia mtu na jambo la roho yake. Zima simu yako, wape kisogo wanaokuita, umsikilize mpaka neno la mwisho. Kama lugha huielewi, mwambie akutafsirie. Muulize yeye mwenyewe moyo wake unasemaje, maana mara nyingi jibu amelileta. Na usipojua, sema hujui. Kuuliza si ujinga, na kutojua si dhambi. Utaonekana mdogo kwa dakika moja, basi. Mimi nilikataa kuonekana mdogo kwa dakika moja, na mama wa mtu akafa akiita.

Inuka sasa, uwahi basi lako. Siku hizi nikimwombea mtu naomba kwa woga, lakini wewe nitakuombea. Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo. Akupe wazee wa kukukemea kungali mapema. Na siku mama yako atakapokuita, mwanangu, asiwepo mtu yeyote njiani mwako wa kukuambia ungoje.