Ngoja Kidogo, Atarudi

Nakumbuka Jumamosi moja kule Salamabila, mwanangu, siku ambayo binti yangu Feza alilalia nguo za marehemu mama yake na kukataa kuinuka. Alikuwa na miaka sita. Mimi baba yake nilikuwa nimesimama karibu na mlango, kijana mwenye nguvu zangu zote, nikamwachia bibi yake aseme naye. Wewe mwenyewe mchezaji, umeniuliza ni mchezo gani wa video umwekee mtoto wako kwenye simu. Najua ulitegemea nikujibu haraka, huu ndiyo, ule hapana, kisha uende zako. Kaa kwanza. Mimi nikiulizwa jambo hilo siwezi kulijibu bila kupitia siku ile.

Wakati huo nilikuwa fundi wa jenereta na pampu za wachimba dhahabu. Mfanyabiashara mmoja aliniletea kutoka Bukavu mashine ya michezo, ile ya kuunganisha na televisheni, yenye manete mbili za kushika mikononi. Usinicheke. Unaziona mvi hizi unadhani nilizaliwa nazo. Nilikuwa mchezaji hatari. Vijana wa machimboni walikuwa wakiingia kwangu na majigambo yao, wakitoka kimya. Mke wangu, Mama Feza, alizoea kunitania kwamba padri angekubali, mimi na ile mashine tungefunga ndoa kanisani. Alikuwa mtu wa kicheko, Mungu amrehemu. Hata mimi nikinuna, alikuwa akijua pa kunishika nicheke.

Aliugua homa siku ya Jumatatu. Jumapili iliyofuata tulimzika.

Kwetu watoto wadogo hatuwapeleki makaburini. Feza alipelekwa nyumba ya jirani asubuhi ya maziko, akarudishwa jioni, watu wamejaa uani. Akauliza mama yuko wapi. Dada yangu mkubwa akamwambia, "Mama amepumzika." Mtoto akanigeukia mimi, nami nikaitikia kwa kichwa. Nilijiambia nitamweleza vizuri akikua kidogo. Maneno matupu hayo. Nilikuwa naogopa, basi. Nilijua nikilitamka lile neno mbele yake nitalia, na sikutaka mtoto wangu anione nikilia.

Baada ya hapo nikawa mtu wa mashine. Nikitoka kazini mchana, hata mikono sijanawa mafuta ya mazutu, nawasha jenereta na kukaa mbele ya televisheni. Nilikuwa na mchezo wa vita, wa askari anayepita kwenye vichaka na nyumba zilizobomoka. Nilipokuwa ndani ya ule mchezo sikuwa mjane. Feza alikuwa anakuja kukaa karibu nami kwenye mkeka, ananiegemea begani, anatazama. Na mimi, nisikufiche, niliwahi kujiuliza kama mchezo ule unamfaa mtoto. Nilijiuliza dakika moja hivi. Una matusi? Hauna. Una wanawake uchi? Hauna. Damu? Kidogo, tena inapita haraka. Mtoto analia akiutazama? Halii, ametulia kama yuko kanisani. Basi nikauona mchezo ni safi, nikajipongeza kuwa mimi ni baba anayechunguza mambo.

Sasa sikiliza ule mchezo ulivyokuwa. Askari wako akipigwa, anaanguka. Televisheni inakuwa nyeusi kidogo. Kisha unamwona amesimama tena palepale alipoanzia, nguo safi, nguvu zote, kana kwamba hakuna kilichompata. Mara ya kwanza Feza alishtuka.

"Papa, amekufa?"

"Eeh, amekufa."

"Sasa?"

"Ngoja kidogo, atarudi."

Na kweli alirudi. Mtoto akapiga makofi. Akawa anauliza hivyo kila askari akianguka, nami nilijibu hivyohivyo bila kugeuza macho. Ngoja kidogo, atarudi. Sijui nililisema mara ngapi. Lilikuwa limenizoea mdomoni, mwanangu, kama mtu anavyojibu salamu barabarani bila kumtazama anayemsalimu.

Majuma yakapita. Nikaanza kuona kwamba Feza akiamka asubuhi anatoka moja kwa moja kwenda kukaa karibu na kinu, pale uani. Mama yake alikuwa akianzia siku yake pale, akitwanga muhogo kabla jua halijachomoza vizuri. Mtoto anakaa hapo, mikono magotini, anatazama. Nikimwita anywe chai anakuja, akimaliza anarudi palepale. Mimi nikawaambia majirani kwamba huyu binti atakuwa mchapakazi, ameanza mapema kukipenda kinu. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Hadi leo kicheko kile kinaniuma.

Siku arobaini zilipotimia, mama mkwe wangu alikuja na ndugu zake kutoka upande wa Lusangi kumaliza matanga. Unajua desturi yetu. Watu wakishakula, nguo za marehemu zinatolewa nje, zinatandikwa kwenye mkeka, na ndugu zake wanagawana, huyu kitenge, yule blauzi, ili jina lake liendelee kuonekana kwenye miili ya watu wake. Mama mkwe alitoa sanduku mwenyewe. Alipanga vitenge kimoja kimoja, akivipapasa kwa kiganja. Aliponyanyua cha kwanza ampe dada wa marehemu, Feza alitoka mbio pale kwenye kinu, akajitupa juu ya nguo zote na kuzikumbatia.

"Toka hapo, mutoto wangu," bibi yake akamwambia kwa upole. "Tuko tunagawa vitu vya mama yako."

"Hapana, bibi! Mukigawa vyote, akirudi atavala nini?"

"Nani atarudi?"

"Mama. Mutu akikufa anarudiaka pale alianziaka. Miye niko namungoja pale ku kinu. Papa alisema tungoje kidogo."

Wanawake wakaangua kilio ambacho hata siku ya maziko sikukisikia. Mtoto hakulia. Alikuwa ananitazama mimi, anasubiri niwaambie watu wote hawa kwamba anasema kweli.

Mama mkwe akafunika nguo kwa khanga yake, akasema ugawaji usimame kwanza. Akaniita nyuma ya nyumba. Wewe unajua heshima iliyopo kati ya mkwe na mama mkwe. Tulikuwa hatujawahi kukaa wawili hivyo, na siku zote nikiongea naye macho yangu yalikuwa chini. Nikamweleza habari ya mashine na ya askari anayeanguka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Papa Feza," akasema, "miye hii mashini yako siijue, na sitaki kuijua. Lakini mutoto alikuuliza neno ya kifo, na weye ukamujibu neno ya muchezo. Ile ya kifo yenyewe, nani alimujibu?"

"Hakuna mutu, mama."

"Sababu gani?"

Nikageuza uso kuelekea uani, kule alikokuwa Feza.

"Uliogopa mutoto wa miaka sita," akasema. "Miye nimezika mutoto wangu, na nimesimama hapa ninasema jina yake. Na weye ukaogopa. Kamata mutoto wako, muende kule ku kaburi. Nguo hazigawiwe kama yeye hajajua bado."

Nilimchukua Feza mkono kwa mkono. Njia inapanda kilima, nyasi zilikuwa zimeshaanza kuota juu ya udongo. Nilipiga magoti ili tulingane kimo. Yale machozi niliyoyakimbia siku arobaini yakanikuta hapo, na nikaongea nayo hivyohivyo.

"Mama iko hapa, mutoto wangu. Alikufa. Hatarudi."

Akagusa udongo kwa vidole.

"Hata tukingoja sana?"

"Hata tukingoja sana."

"Basi sababu gani uliniambia ngoja kidogo?"

"Nilikuwa nasema ya muchezo, Feza."

"Hukusema kama ni ya muchezo."

Kweli, sikusema. Tulishuka kilima. Tulipofika uani akaenda kwa bibi yake na kumwambia, "Gawa." Bibi akampa kitenge kimoja kiwe chake, cha rangi ya bluu. Alikikunja vizuri, akaingia nacho ndani. Kwenye kinu hakukaa tena.

Ungetaka nikwambie kwamba mambo yaliisha hapo, lakini sivyo. Tangu siku ile, nikimwambia jambo, hata dogo, alikuwa anakwenda kulihakikisha kwa mtu mwingine. Nikisema mvua itanyesha, anamuuliza jirani. Nikisema nitarudi mchana, ananiitikia, halafu ananiulizia kwa wachimbaji wanaopita kama kweli wameniona kazini. Hakuwa na ukaidi. Ni mtoto mwenye adabu mpaka kesho. Lakini kulikuwa na kitu ambacho nilikuwa nacho kwake, nikakipoteza nikiwa nimekaa naye bega kwa bega. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Mtu akiwa mbali na mtoto wake, ana la kujitetea. Mimi nilikuwa hapo hapo.

Mashine sikuitupa, ingawa wengi walinishauri niitie moto. Ule mchezo wa vita niliutoa, nikabaki na wa mpira na wa magari. Tulicheza pamoja, na kila gari lilipopinduka nilimwambia, "Hapa linasimama tena, kwa kuwa ni la kuchezea. La kweli lingevunjika, na watu wangeumia." Alikuwa anachoka na mahubiri yangu. Nilihubiri tu. Kufikia miaka kumi alikuwa ananifunga mabao mpaka naona haya, na siku chache alicheka kicheko cha mama yake, nami nikawa najifanya natafuta kitu chini ya meza ili asinione uso.

Leo Feza ni mama, anaishi hapa Kasongo, na mimi nilihamia huku niwe karibu naye. Nina kibanda sokoni. Natengeneza simu na kuwawekea watu nyimbo na michezo kwenye kadi za memori. Mwezi uliopita alikuja na binti yake, naye akaniomba nimwekee mtoto michezo. Nikachagua mitatu kwa uangalifu wangu wote. Nikamwambia, "Hii ni mizuri, mama, niliijaribu yote mwenyewe." Alinishukuru kwa heshima. Kisha akavuta kiti, akaanza kuicheza mmoja baada ya mwingine mbele yangu, mpaka mwisho, mtoto amesimama nyuma yake. Mmoja akaufuta. Neno langu hakulichukua, mwanangu. Niliumia, na papo hapo nikaona kwamba amefanya vile ambavyo baba yake alipaswa kufanya.

Kwa hiyo nikikujibu swali lako, nitakujibu hivi. Usiniulize mimi mchezo gani ni mzuri, wala usimuulize muuzaji. Ucheze wewe kwanza, mpaka pale unapochosha, kwa maana wewe ni mchezaji na huna kisingizio. Halafu mtazame mtoto wako, siyo mtoto wa jirani. Huku kwetu kuna watoto waliowahi kukimbia milio ya risasi wakiwa mgongoni mwa mama zao. Kwa mtoto wa namna hiyo bunduki ya kwenye simu haiwezi kuwa mchezo, hata rafiki zake wote waicheze. Kuna aliyefiwa, kuna anayengoja baba aliyekwenda machimboni. Jiulize mtoto wako amebeba nini kabla hujamwekea kitu mkononi. Na usidanganyike akitulia. Mimi nilidhani utulivu wa Feza ni furaha, kumbe alikuwa anajifunza. Msimamishe katikati ya mchezo umuulize: huyu aliyeanguka, sasa yuko wapi? Msikilize anavyokujibu, usikimbilie kumsahihisha. Akikuuliza jambo kubwa, weka manete chini, zima simu, mgeukie umjibu ukweli kwa maneno anayoyaweza. Ukilia, lia. Mtoto hafi kwa kumwona baba yake analia.

Basi nenda, usimcheleweshe huyo anayekungoja nyumbani. Mungu abariki mikono yako na nyumba yako. Akupe ujasiri wa kumwambia binti yako ukweli siku utakapokuwa mzito, na amfanye aliamini neno lako bila kwenda kumuuliza mtu mwingine. Na akuache hai miaka mingi, wewe na mama yake, hadi mtoto awe mtu mzima, asije akaketi peke yake asubuhi akingoja mtu asiyerudi.