Wasifu wa Mzee wa Kola

Duka langu la kuchapisha liko mjini Machakos, karibu na hospitali. Kazi inayonilisha ni programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba ya ibada, na ndani yake wasifu wa marehemu. Niliianza baada ya kumzika mume wangu. Karatasi iliyosomwa siku ile ilisema alikuwa mcha Mungu, mchapakazi na mpenda watu. Niliisoma mara tatu kando ya kaburi, na mume wangu hakuwemo.

Mwaka jana alikuja msichana wa chuo kikuu, anasomea fasihi na uandishi, akitafuta mahali pa kufanyia atachimenti, yale mazoezi ya kazi yanayodaiwa na chuo. Magazeti ya Nairobi yalikuwa yamemkataa. Nikamwambia hapa hakuna gazeti, kuna wafu tu. Akacheka, akabaki.

Wasifu wake wa kwanza ulikuwa wa mzee mmoja wa Kola. Aliandika kuhusu nyota iliyozimika na pengo lisilozibika. Lugha yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, hilo nakubali.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Si ni yule mzee, mwaitu?" Hivyo ndivyo alivyoniita: mama, kwa Kikamba.

"Mimi simwoni. Futa hizo nyota, uende Kola. Usiulize alikuwa mtu wa aina gani. Uliza akirudi nyumbani alianza na nini."

Alirudi jioni, viatu vimejaa vumbi. Mzee akitoka kanisani alianza kwa kukagua matuta ya shamba, koti la Jumapili likiwa bado mwilini. Alikuwa mkali. Yeye na ndugu yake waligombania mpaka, wakakaa miaka bila kusemezana. Lakini mvua ikibomoa tuta la ndugu yake, alilijenga upya, kimya kimya. Mjane mwenyewe alisema, "Andika hivyo hivyo. Kwani nani hajui?"

Wiki yake ya mwisho dukani, mhadhiri wake alikuwa anakuja kumkagua. Fomu ya chuo ilikuwa na nafasi ya elimu ya msimamizi, yaani mimi.

"Mwaitu, weka tu diploma. Nani atauliza? Wakikataa hii atachimenti, sihitimu."

Nikaandika: darasa la nane. Sikuweza kumtazama usoni.

Mhadhiri alipoisoma fomu, alivua miwani. "Mama, umemfundisha nini huyu?"

Nikampa wasifu wa mzee wa Kola. Aliusoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akaurudia.

"Huyu msichana hupenda nyota," akasema. "Hapa sizioni."

"Zilikuwepo," msichana akajibu. "Alinifutisha zote."

Mhadhiri akasaini. Akiwa mlangoni akaniuliza kama muhula ujao ninaweza kupokea wawili.

"Walete," nikasema. "Waje na viatu vya kutembea."

Tulipobaki peke yetu, msichana hakufunga mkoba wake. Alifungua daftari.

"Na mume wako, mwaitu? Akirudi nyumbani alianza na nini?"

Mume wangu alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, Athi River. Kila akirudi alisimama mlangoni kwanza, akatoa nyuzi kwenye suruali moja moja, ili zisiingie kwenye chakula changu.

Nilimwambia hivyo, naye akaandika.