Utepe Mwekundu Niliouficha Karagita

Niliacha shule nikiwa kidato cha kwanza, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka miwili. Nimeuza mitumba Rhonda, nimegeuza nyama Kikopey, kisha nikaishia Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua, nikihudumia saiba moja ndogo ya intaneti na uchapaji inayotazamana na kituo cha bodaboda. Mwenye saiba alikuwa mara nyingi safarini, kwa hiyo kompyuta zilikuwa zangu.

Siku moja nilibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya nikaona orodha, nikachagua mstari wa mwisho. Ukurasa wa mtandao ukafunguka kama saa iliyotolewa kifuniko, maagizo yanayouunda yakaonekana. Nikabadilisha kichwa cha habari, nikageuza rangi. Nilipoupakia upya, kila kitu kikarudi kama zamani. Nikaelewa kwamba wenye ukurasa hawajui lolote. Nilichogusa ni kile kilichoonekana kwangu tu. Wiki hiyo nilipata programu ndogo ya kivinjari inayokumbuka maagizo yako kila unapofungua ukurasa uleule.

Ilinifaa. Karagita tangazo la kazi huchapwa na kubandikwa ukutani, watu wakalisoma wakitoka shambani. Kurasa za mashamba ya maua zimejaa picha za waridi na tepe za matangazo za rangi juu ya ukurasa, zinazomeza wino. Niliagiza picha zifichwe, tepe zifichwe, herufi ziwe nene. Karatasi zangu zilisomeka hata kwa mbali.

Jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa amefunga maua kwenye mashada kwa miaka saba, na sasa jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watakaohojiwa kwa kazi ya usimamizi. Mahojiano yalikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, lango la shamba la barabarani. Nilimchapia ukurasa, akaukunja ndani ya Biblia. Jumatano jioni akarudi.

"Boss, hebu angalia kama hawajabadilisha."

Nikafungua. "Iko vilevile."

Alhamisi asubuhi mama mmoja aliingia na simu mkononi. "Mbona karatasi yenu ya ukutani inasema lango la barabarani? Huku kwangu kuna utepe mwekundu juu."

Nikazima maagizo yangu. Utepe ukatokea: mahojiano yamehamishiwa ukumbi wa kanisa upande wa ziwani, saa mbili na nusu. Ilikuwa saa tatu kasoro. Nilimpigia jirani, simu imezimwa. Nikarukia bodaboda.

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe langoni, viatu vimepakwa rangi, peke yake.

"Wamehamia ukumbi wa kanisa," nikasema. "Tangazo lilikuwepo. Ni mimi niliyelificha."

"Ukalificha wapi?"

"Kwa kompyuta. Nilikuwa nataka karatasi iwe safi."

Alinitazama, kisha akamtazama dereva. "Huyu jana ameniambia iko vilevile."

"Panda, mathe," dereva akasema. "Utamtukana tukifika."

Hakunitukana. Walimruhusu kuingia, lakini akawa wa mwisho, na wahojaji walikuwa wameshaanza kukusanya makaratasi yao. Kazi ilipewa mwingine. Hakuna ajuaye kama angeipata iwapo angefika mapema. Mimi sijawahi kumwambia kwamba asingeipata.

Maagizo ya kuficha tepe niliyafuta siku hiyohiyo. Herufi nene niliziacha.

Miezi michache baadaye nafasi kama hiyo ilitangazwa tena. Jirani alikuja, akavuta kiti hadi kwenye meza yangu badala ya kusubiri karatasi.

"Fungua," akasema. "Lakini kwanza nionyeshe vile wao wenyewe wameiandika."

Nikazima hata zile herufi nene. Maandishi yakawa madogo, ya kijivu, picha za waridi zikajaa kila upande. Akasogeza uso karibu na kioo, akapitisha kidole kuanzia juu kabisa, pole pole, mpaka mwisho wa ukurasa.

"Sasa chapa," akasema. "Na hizo waridi uziache."